Makofi Bungeni

Dada Opal,

Huku Wyoming theluji bado ipo, nami ni mzima. Jumanne msimamizi wa mgodi wetu wa makaa ya mawe alitupeleka kwenye bunge la jimbo, ambako wabunge walikuwa wakipinga mkataba wa dunia wa tabianchi. Sisi madereva wa malori hatuchafuki, ila tuliambiwa tujipake vumbi la makaa usoni ili tuonekane wachimbaji.

"Jipake vizuri, bwana harusi," Dwight, dereva mwenzangu, akanicheka.

Mbunge mmoja akasema mafuriko yamekuwepo tangu Nuhu. Nikaikumbuka nyumba yako ya Kentucky ilivyosombwa na mto, na bado nikapiga makofi. Mgodi ukifungwa, nitakujengea kwa pesa gani?

Mbao nimeshaziagiza. Ukizikataa kwa hasira sitakulaumu, ila watoto wako wasiendelee kulala kanisani.

Nduguyo,
Virgil