Baba, Mchukua Salamu wa Bendi

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipoegemeza gitaa lako la besi kwenye ukuta wa stoo, ukamwambia Mama, "Usilifunike, nitalishika kesho." Kesho yake tulikupeleka hospitali. Gitaa halijafunikwa, Baba. Mama hulipangusa vumbi kila Jumamosi kabla wenzako hawajaja mazoezini.

Tunaikumbuka mikono yako iliyonukia chuma kwa kuchonga funguo kutwa nzima. Aliyejifungia nje ulimfungulia kwanza, mengine baadaye. Chai uliisahau hadi ikapoa, kisha ukainywa ukisema ndivyo unavyoipenda.

Wengi wanaosoma hapa walikujua kwa bendi. Mlianza vijana watatu wa mtaa mmoja: wewe na besi, Mjomba Nyuzi na gitaa la solo, na Mjomba Sauti mwimbaji. Mlipiga roki, muziki ambao jirani aliuita ajali ya masufuria, mkaupiga miaka thelathini na minne. Wapiga dramu walipita sita, wapiga kinanda watatu. Mmoja alihama na mkewe, mwingine alinuna kwa sababu jina lake lilikosewa kwenye bango. Kila aliyeingia ulimchongea ufunguo wa stoo. Aliyetoka hukumdai.

"Ataingiaje siku akirudi?" ulimuuliza Mama.

Mtu akitakiwa kuondolewa, ulitumwa wewe. Hatuisahau siku uliyotumwa kwa mpiga dramu wa nne ukamwambie nafasi yake imechukuliwa. Ulikuta mkewe amejifungua asubuhi hiyo. Ukakaa, ukambeba mtoto, ukarudi. Jumamosi wapiga dramu wawili wakakutana stoo.

"Kwani hukumwambia?" Mjomba Nyuzi aliuliza.

"Nilimwambia hongera," ukajibu.

Msimu mzima bendi ilipiga na dramu mbili, na watu wakadhani ni mtindo mpya.

Kisha ukaja ule ugomvi. Mjomba Nyuzi alikuwa katikati ya solo yake, ukumbi umejaa, Mjomba Sauti akaingilia na ubeti wa mwisho kabla ya wakati. Tangu usiku huo hawakusemeshana miaka kumi na mmoja, ila hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kutoka kwenye bendi. Kila Jumamosi mmoja alikaa stoo, mwingine uani, mpaka wimbo uanze. Wewe ukawa miguu yao.

"Mwambie mwenzako gitaa lake linatupasua masikio," Mjomba Sauti alisema stoo.

Ulipofika uani ikawa, "Anasema leo gitaa limekolea, ila ulipunguze kidogo tulifaidi."

Dirisha la jikoni liko katikati, kwa hiyo Mama alisikia ya huku na ya huko. Aliogopa.

"Siku wakijua, utawakosa wote wawili," alikuambia.

"Siku wakiacha kupiga pamoja ndipo nitakuwa nimewakosa," ulimjibu. Na hospitalini, sauti ikiwa karibu kwisha, ulimshika mkono ukamwomba jambo moja tu: asiwaache wale wawili waachane.

Wiki tatu baada ya kukuzika walikuja, kila mmoja kuchukua spika zake. Bendi ilikuwa imekwisha. Mama akawawekea viti sebuleni, na Mjomba Sauti akaanza, macho kwa Mama.

"Shemeji, mwambie huyu sina kinyongo. Aliponiomba radhi kupitia marehemu, nilisamehe."

Mjomba Nyuzi akainua kichwa. "Niliomba radhi mimi? Shemeji, si yeye aliyeniomba?"

Wote wawili wakamgeukia Mama. Angeweza kusema hajui. Alituambia baadaye kwamba aliisikia saa ya ukutani ikigonga kama mpiga dramu wa saba.

"Hakuna aliyeomba," alisema. "Aliwaombea yeye. Na zile sifa zote mlizoletewa, alizitunga njiani, kati ya stoo na uani."

Mjomba Sauti alisimama. Tulijua anaondoka. Lakini Mjomba Nyuzi alikuwa anajitazama kifuani.

"Shemeji, na hii sweta? Aliniletea siku yangu ya kuzaliwa, akasema imetoka kwa huyu."

Ilikuwa ya rangi ya chungwa, imeanza kuchakaa viwikoni. Mjomba Sauti aliitazama kwa muda mrefu.

"Mimi nisingekuchagulia rangi hiyo," alisema.

"Najua," Mjomba Nyuzi akamjibu. "Nilishangaa sana."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza ana kwa ana, Baba, baada ya miaka kumi na mmoja. Mjomba Sauti akakaa tena. Chai ilipoa, wakainywa hivyo hivyo. Spika hazikuondoka.

Mpiga dramu wa nne amerudi. Ufunguo uliomchongea umefungua bila kugoma. Mwezi huu ameingia mpiga besi mpya, fundi umeme, mpole, amekuja na gitaa lake mwenyewe na lako hajaligusa. Mama ndiye aliyempelekea ufunguo. Jumamosi iliyopita wale wawili walizozana saa nzima juu ya mwendo wa wimbo mmoja, uso kwa uso, na Mama akaacha kukata vitunguu ili asikie vizuri.

Walipokuwa wanaondoka, Mama aliwaambia kesho yake atakwenda kaburini kwako.

"Mwambie ni mwongo wa kupindukia," Mjomba Sauti alisema.

"Mwambie alitufanya wajinga miaka yote ile," akaongeza Mjomba Nyuzi, akiwa amevaa ile sweta.

Mama alifika, akang'oa majani, akainama karibu nawe.

"Wale wawili wanakushukuru," alisema.

Wanaokukumbuka ni mkeo, sisi watoto wako watatu, wajukuu wako, mdogo wako aliyebaki na kibanda cha funguo, na Mjomba Sauti na Mjomba Nyuzi, walioomba waandikwe kwenye mstari mmoja, kisha wakabishana nani atangulie.

Daima tutakukumbuka, Baba, na kila Jumamosi dirisha la jikoni litakuwa wazi.