Udongo Kidogo na Maji Kidogo

Mwanangu Thandeka,

Soma barua hii polepole, na uisome mwenyewe. Kiswahili chako nakijua. Nilikusemesha tangu mchanga, ukanijibu Kiingereza. Nikikugombeza ukanijibu Kizulu. Lakini hakuna neno langu hata moja lililokupita. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu sauti yangu ingenisaliti, na wewe ungeanza, "Mama, funga hapo, hama leo leo." Karatasi huwezi kuikatiza. Tena nimemwambia mchungaji kwamba nikimaliza, akina mama wenzangu wa kanisani wasomewe, maana jambo lenyewe linawahusu. Na wasikie pia nimezaa mtoto wa namna gani.

Leo ni Alhamisi, mchana. Niko kwenye cherehani yangu pale pale dirishani, nashona sketi za shule. Mshono unakwenda upogo, mimi ambaye Jeppestown nzima hakuna anayenifikia kwa pindo. Nasubiri watu. Walikuja Jumatatu, wakasema watarudi leo kuchukua jibu.

Unamkumbuka Mandla, yule wa hosteli, niliyemshonea suti ya harusi mpaka mama mkwe wake akauliza imenunuliwa ng'ambo gani? Ndiye aliyekuja, na wenzake wawili nisiowajua. Wangekuja na matusi ningejua la kufanya. Mdomo wangu unaujua. Walikuja na adabu. Walivua kofia. Mandla akaniita kama anavyoniita siku zote, "Mama kaThandeka," akauliza habari zako, akasema wewe ni fahari ya mtaa. Halafu akasema kumefanyika mkutano, watu wamechoka, na Jumamosi watapita jengo hadi jengo kuwatoa wageni.

"Wewe usiwe na hofu, Mama," akasema. "Wewe ni makoti wetu, mke wa nyumba yetu. Mumeo aliishi uhamishoni kwa ajili ya nchi hii. Mlango wako hautaguswa."

"Sasa mimi mmenifuatia nini?"

"Kitu kidogo tu. Jengo hili unalijua kuliko mtu yeyote. Utembee nasi koridoni, utuonyeshe milango ya wageni. Husemi neno, Mama. Kidole tu."

Kitu kidogo tu. Aliposema hivyo, Thandeka, nilisikia sauti yako. Si hii ya sasa ya mtu mzima, ile ya ulipokuwa shule, imevaa ndevu.

Unaukumbuka ule mchezo wa kuigiza wa shuleni? Nilikwisha kutangaza jengo zima kwamba mwanangu ndiye atakayekuwa Mfalme Ahasuero. Nani mwingine? Historia ulikuwa unaila kama wali. Na huyo Ahasuero mimi nilimjua kabla yako, kutoka kitabu cha Esta: yule Mwajemi mwenye kutawala toka Bara Hindi mpaka Kushi, mwenye karamu zisizokwisha kule Shushani. Nikaenda kununua kitambaa cha zambarau, nikakilaza mezani, nikakusubiri nikupime. Ukaingia, ukaweka begi chini, ukasema ufalme amepewa mtoto mwingine. Wewe ni mjumbe.

"Mjumbe anasema nini?"

"Maneno mawili matatu. Halafu Wayunani wananitupa kisimani."

Nilivaa viatu nikamwone mwalimu. Ukanishika gauni, ukaniambia, "Mama, nakuomba, usije." Nikakaa. Lakini kitambaa kilikuwa kimeshanunuliwa, nami sikuumbwa kushona nusu. Nilikushonea joho la mjumbe lenye mikono mipana na nakshi za uzi wa dhahabu, na siku ya siku mfalme wao alitokea amevaa shuka la kitanda. Ndevu alikutengenezea Mama Aline, jirani yetu Mrundi anayesuka nywele. Alichukua rasta nyeusi, akazisokota kishungi kwa kishungi, akazichovya kwenye maji ya moto zikajikunja kama za kwenye picha ya kitabu chako. Akarudi nyuma, akashika kiuno. "Huyu si mjumbe," akasema, "huyu ni rais!"

Jikoni tulifanya mazoezi. Wewe unasimama mlangoni na ndevu zako, mimi ndiye Wayunani wote. Ulinieleza kwanza, ukininyooshea kijiko kama mwalimu. Mfalme wa Uajemi hakuanza na jeshi, alianza na wajumbe. Hawakuomba dhahabu wala ng'ombe. Waliomba udongo kidogo na maji kidogo, basi. Mji ukitoa, hakuna atakayeuawa. Ila umeshakiri kwamba nchi na mito yake ni mali ya mfalme, na jeshi lake likipita kwenda kumpiga jirani yako, wewe utalionyesha njia na kulipikia.

Kisha ukaunyoosha mkono: "Mfalme wa wafalme anataka udongo kidogo na maji kidogo!"

Nami nikakuletea. Maji kwenye kikombe kizuri, na udongo nikachota kwenye kopo la mchicha pale dirishani. Ukapiga mguu chini.

"Mama! Usitoe!"

"Mtu amesimama mlangoni kwangu anaomba maji, nimnyime? Mimi nimelelewa Morogoro, sikuokotwa."

"Si kiu, Mama! Ni alama!"

"Kiu nayo anayo. Kutoka Uajemi mpaka kwa Wayunani ni karibu?"

Baba yako, Mungu amweke pema, alikuwa anakunja gazeti pale kwenye kiti chake. Akasema, "Angekuwa huyu ndiye mlinzi wa mpaka, tungetekwa kabla ya chai." Mama Aline alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kila jioni ilikuwa hivyo. Wewe unaomba, mimi natoa, wewe unalia.

Siku ya mchezo walipokubeba mzobemzobe kukutumbukiza kwenye lile sanduku la kisima, sikujizuia. Nilisimama katikati ya ukumbi nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Mjumbe hauawi!" Ukumbi mzima uligeuka, na Ahasuero akasahau maneno yake. Hukusema nami njia nzima mpaka tuliposimama kwenye roboti za barabarani, taa nyekundu, ndipo ukaanza kucheka, ndevu zikakudondoka.

Halafu ukaniambia jambo ambalo sijalisahau. Ukasema wale wa Sparta, waliomtupa mjumbe kisimani, baadaye dhambi iliwalemea. Wakawatuma watu wao wawili mpaka Shushani, wakamwambie Ahasuero: tuue sisi, roho kwa roho. Mfalme akakataa. Akasema hatafanya uovu ule ule anaowalaumu wao.

"Umeona?" nikakwambia. "Huyo ndiye Ahasuero wangu."

Ukanijibu, "Ndiye huyo huyo aliyeuchoma moto mji wa Athene, Mama."

Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na adabu mlangoni na moto nyuma yake. Jumatatu nilijua.

Na kingine uliniambia, tukipanda ngazi: kwamba Wayunani kila asiyesema lugha yao walimwita kwa jina la kumwigiza mdomo, kwamba anabwabwaja tu. Ukaishia hapo. Sikukuuliza zaidi. Nilijua shuleni kuna jina la namna hiyo hiyo walilokuwa wanakuitia, kwa sababu ya mama yako.

Sasa nikueleze nilivyolala tangu Jumatatu. Sikulala. Wewe unamjua mama wa kujisifu, lakini nilikaa nikajiuliza kama mtu yeyote: mlango wangu si umesalimika? Cherehani yangu si itabaki? Ukirudi si utakuta kitanda chako? Kidole ni nini? Na jengo la pili tayari kuna aliyenyoosha. Namjua. Tunasalimiana.

Jumanne Mama Aline alikuja kurudisha chujio. Hakuulizia wale wanaume, ingawa jengo zima liliwaona. Alisimama tu, anafuta chujio ambalo lilikuwa kavu. Akaniuliza, "Mama Thandeka, Ijumaa watoto niwapeleke shule?"

Nikamwambia, "Wapeleke." Nilisema kwa sauti kubwa, kana kwamba ninajua.

Naacha kalamu. Wanabisha hodi.

Nimerudi kwenye karatasi.

Walikuwa wale wale watatu. Niliwakaribisha viti, hakuna aliyekaa. Mandla akasema, "Mama, tumekuja." Nikafanya kitu ninachokijua: nikachukua jagi, nikaweka bilauri kwenye sinia, nikawapa maji. Mandla alikunywa yote, alikuwa na kiu kweli, jua la leo ni kali. Wa pili naye akanywa. Wa tatu aliipokea bilauri akaishika tu, ananiangalia.

"Muda hatuna, Mama," akasema Mandla. "Tutoke?"

Mwanangu, miguu yangu ilitaka kutoka. Nakuapia. Ilitangulia yenyewe mpaka kizingitini, koridoni kukawa kimya kabisa, hata redio ya kule mwisho ilikuwa imezimwa. Nyuma ya milango yote watu walikuwa wameshika pumzi. Nikageuka.

"Mandla, mwanangu. Mlango wa mgeni ninaoujua mimi ni mmoja."

"Upi?"

Walitaka kidole, nikawapa. Nikakielekeza chini, kwenye kizingiti changu.

"Huu. Nimezaliwa Morogoro, Tanzania. Nimekuja hapa na begi moja, nyuma ya mume. Jumamosi mkianza, anzeni na huu."

Wa tatu akasema, "Huyu mama anatuchezea."

"Eish, Mama," akasema Mandla, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Usifanye hivi. Sisi tumetumwa tu."

"Najua mmetumwa. Ndiyo maana nimewapa maji. Waambieni waliowatuma kwamba maji mmepata. Kile kingine kwangu hakipo."

"Jumamosi mimi sitaweza kuuzuia mkono wa mtu."

Nikamuuliza, "Ile suti yako ya harusi, pindo bado linashika?"

Aliangalia viatu vyake. "Linashika, Mama."

"Haya."

Wa tatu akayamwaga maji yake sakafuni, taratibu, huku ananitazama usoni. Bilauri akaiweka juu ya zile sketi za shule. Wakaondoka. Nilihesabu hatua zao mpaka nikapoteza hesabu, ndipo nikakaa.

Mama Aline aliingia bila hodi. Hakusema asante, na angesema ningemfukuza. Alichukua kitambaa akapiga magoti akafuta yale maji. Ametokea mlango gani siandiki, hata kwenye barua yako.

Kesho watoto wake watakwenda shule kama nilivyosema, na shuleni watachukuliwa na pikapu ya shangazi yako, wapelekwe kwake Soweto pamoja na mama yao, na yeyote mwingine atakayetosha nyuma. Nilimpigia shangazi nikamweleza; akaniuliza jambo moja tu, kama watoto wanakula maharage. Mimi sitapanda. Nimeshasema waanze na mlango huu, sasa wakute mlango mtupu? Kwa hiyo nataka akina mama wa kanisani wasomewe barua hii, waje Jumamosi asubuhi, kila mmoja na kiti chake, tukae kizingitini tushone. Kazi ninayo, sketi bado nyingi na muda umekwisha. Wasiojua kushona nitawafundisha, na watajisifu maisha yao yote kwamba wamefundishwa na nani.

Naogopa, Thandeka. Hapa mchungaji aruke, asisome.

Wewe usipande ndege. Nasikia unavyopumua huko ukisoma, acha. Kuna mama wangapi walioishia darasa la saba wenye mtoto anayechimba mji wa kale huko kwa Wayunani wenyewe, anasafisha vigae kwa mswaki na wazungu wanamsubiri aseme ni vya miaka gani? Chimba. Maliza. Nimewaambia watu wote utarudi na cheti, usinitie aibu.

Joho la mjumbe bado ninalo, limening'inia nyuma ya mlango huu huu ninaouzungumzia. Zambarau haijapauka hata kidogo. Nilikwambia kile kitambaa ni kizuri. Leo walipoondoka nililitazama, nikamfikiria yule mjumbe Mwajemi wa kweli, ambaye hata jina hukuniambia. Naye alikuwa na mama yake kule Uajemi, bila shaka aliyejisifu kwa majirani kwamba mwanawe ametumwa na mfalme. Sijui nani alimpelekea habari.

Basi siku moja huko, ukipita penye kisima cha zamani, chochote kile, simama umkumbuke. Mwagie maji kidogo, umwambie yametoka kwa mama yako, Jeppestown.

Maji tu. Udongo usimpe.

Mimi mama yako,
niliyekuwa Wayunani wote.