Jiwe la Mchanga, Jiwe la Kurasa

Mtani wangu Maganga,

Salamu sikuletei. Ungekuwa hai ungeipokea kwa tusi, nami ningekurudishia, tungeendelea hivyo mpaka mdogo wangu Mwanaidi, mkeo, atufukuze uani kwa mwiko wa ugali. Sasa nimtukane nani? Mwaka wa pili huu umelala, na mimi nimebaki na matusi yangu mdomoni kama mtu aliyetafuna pilipili mbele ya wakwe.

Siku ya maziko yako watu walinisubiri. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana kazi yake msibani: anavaa nguo ya marehemu, anaiga mwendo wake, anamsema uchoyo wake mpaka wafiwa wacheke na machozi bado yako mashavuni. Mtani halii. Koti lako la kaki waliliweka tayari juu ya mkeka. Nikaingiza mkono mmoja, mkono wa pili ukanishinda, nikakaa chini nikalia kwa sauti mpaka shehe akakatisha dua. Watu wakasema, "Jamani, alimpenda." Nilikupenda, ndiyo. Lakini siku ile nilikuwa najililia mwenyewe, na sababu yake wewe uliijua nusu. Nusu iliyobaki ndiyo nakuandikia leo.

Unakumbuka ulivyofika kwetu mara ya kwanza? Ulikuwa umeacha kukata mkonge kule Mazinde, miguu imejaa makovu ya miiba, ukaja Handeni kuchimbia visima watu wenye kiu. Mama yangu alikukuta bondeni umechutama unalamba jiwe. Akarudi nyumbani mbio: "Jamani, yule mgeni anakula mawe!" Ukamweleza kwa adabu zote, shikamoo mama, sili, naonja tu. Ujanani ulimbebea mizigo Mzungu mmoja aliyezunguka nchi na nyundo ndogo akivunja mawe, na kwa kumtazama tu ukajifunza alichokuwa anakitafuta. Mimi nikasema basi, mpagazi ni mpagazi, huyu hata elimu ameipata kichwani chini ya mzigo. Ukacheka mpaka ukakohoa.

Ulinifundisha pia, ingawa nilijifanya sisikii. Jiwe la mchanga, ulisema, ni mchanga wa mto wa zamani. Mto wenyewe ulishakufa, mchanga ukabaki, ukakandamizwa miaka isiyohesabika mpaka punje zikashikana. Ulilitemea mate, mate yakazama. Lile jingine uliliita jiwe la kurasa. Ni tope la maji yaliyotulia, lilishuka jembamba jembamba, tabaka juu ya tabaka, na ukiligonga ubavuni linafunguka kama daftari. Hilo ukilitemea, mate yanakaa juu yake yanakutazama, na ukilipa ulimi linaunasa. "La kwanza linakunywa, la pili linakataa," ulisema, "na maji yanakaa pale wanapogombana." Nikakuambia hii ni ajabu ya mwaka, Mnyamwezi asiyejua alifu anafungua kurasa. Ukanijibu, "Ninyi Wazigua mnajua kusoma, ila hamjui mmekanyaga nini."

Ikaja operesheni ya kutuhamishia vijijini. Unajua yote hayo, lakini acha niyaseme, maana nikiyaruka nitajificha tena. Malori yalituchukua na vyungu vyetu na kuku wetu wamefungwa miguu, tukashushwa kwenye mstari kando ya barabara, nyumba huku na nyumba kule. Shule tuliahidiwa, tukaipata, sisemi uongo. Zahanati tulipata. Maji hakuna. Wanawake waliondoka alfajiri kwenda korongoni wakarudi jua liko utosini, na ndoo moja ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Mimi nilichaguliwa katibu wa kijiji kwa sababu ya darasa langu la nane. Lo, nilivyojivuna! Kalamu mbili mfukoni, moja haina hata wino.

Ikaletwa fomu kutoka kwa bwana maji wilayani. Tuchague sehemu mbili za kisima, tueleze chini kuna nini. Wewe ukazunguka siku nne na sururu na ulimi wako. Ukarudi ukakaa mbele yangu, mikono imejaa vumbi, ukasema: "Andika, Mhando. Kule kilimani ni jiwe la mchanga, na chini yake jiwe la kurasa. Pachimbwe kule. Hapa barabarani ni jiwe la kurasa kuanzia juu. Hapana maji, na likishalowa linaoza, linashuka. Hapa pasichimbwe."

Mtani, fomu ilikuwa na nafasi ya upana wa vidole viwili. Ningeweza kugeuza nyuma nikaendelea. Lakini nikamfikiria yule bwana mwenye suruali ya pasi akisoma "jiwe la kurasa", akicheka na wenzake kuwa katibu wa huku ni mshamba. Nikaona haya kwa ajili ya neno lako. Nikatafuta neno la heshima, la kitabuni. Nikaandika kwa mwandiko wangu ule mzuri:

Kilimani: mchanga. Barabarani: mwamba.

Basi. Maneno manne. Siku nne za ulimi wako nikazifanya maneno manne, nikapiga na muhuri. Wewe ukauliza, "Umeyaandika yote?" Nikakuambia, "Yote, tena kwa Kiswahili safi."

Majibu yaliporudi, mtu yeyote angejua yatakuwaje. Kwenye mchanga kisima kitabomoka. Kwenye mwamba kitasimama. Chimbeni barabarani. Bwana maji hakukosea. Nimemchukia sana mtu yule, nimemsema kila kijiwe, na hakukosea hata kidogo kwa alichoandikiwa.

Kwenye mkutano ulisimama. Mwenyekiti alishakasirika kabla hujafungua mdomo. Alikuwa ameahidi wakubwa kwamba kisima kitakuwa tayari kabla ya sherehe ya Uhuru. Ukasema, "Ndugu zangu, kule ni jiwe la mchanga. Jiwe! Si mchanga wa kuchezea watoto." Akakuuliza kama unapinga maendeleo. Akasema watu wa kuja ndio wanaotuvuruga. Wa kuja! Na wewe umezaa na dada zetu, umetuchimbia visima kijiji cha zamani tukanywa miaka. Ukageuka ukanitazama. "Mhando, wasomee ulichoandika."

Nakala ilikuwa magotini pangu, ndani ya jalada. Nikasimama nikasema, "Fomu ilishakwenda wilayani."

Hiyo ndiyo nusu uliyoijua. Uliona nimeogopa mwenyekiti, ukanisamehe palepale, nilikuona usoni. Ulidhani shemeji yako ni mwoga. Laiti ningekuwa mwoga tu! Niliogopa usije wewe, mbele ya watu wote, ukajua kwamba nililionea haya neno lako.

Ningetaka kusema ulilazimishwa, lakini haikuwa hivyo. Ulisema usiposhuka wewe, watashuka vijana wasiojua jiwe lile linavyooza, na watakufa. Nilipokuja asubuhi ile na kamba ya katani na ndoo, nikakuambia acha, tutasema unaumwa. Ukanipiga bega. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Ee Maganga! Lilikula likakwisha. Ulifika futi ishirini na tano, kukavu, kurasa juu ya kurasa, hata unyevu wa kulowesha kidole hakuna. Ikanyesha vuli siku mbili. Siku ya tatu ukashuka kutazama kuta kabla vijana hawajaanza, na upande wa barabara ukateleza wote, taratibu, wala hakukuwa na kishindo kikubwa. Nilikuwa juu, nimeshika kamba. Tulikutoa adhuhuri. Mdomoni mwako mlikuwa na tope lile lile ulilolionja na kulikataa.

Sasa sikia yaliyotokea baadaye, na kama wafu wana hasira, hapa ndipo pa kukasirika.

Shimo lile tulilifukia, tukazungushia miiba. Mwenyekiti alihamishwa, akapewa kazi kubwa zaidi. Mwaka huu wakaletwa wataalamu wengine kutoka mkoani, na kijana mmoja mwenye nyundo ndogo, mpole, akaomba aonyeshwe kilimani. Akapasua jiwe, akalitemea mate! Wallahi, nilidhani nimekuona. Jiwe la kurasa yeye aliliita mwambatope, neno la chuoni, na ukilisikiliza vizuri halipiti lako. Akafungua jalada lake akasoma, akakunja uso. "Katibu, nani aliandika hapa mchanga? Angeongeza neno 'jiwe' tu, hiki kisima kingechimbwa zamani." Nikamjibu sikumbuki. Mwongo hata kwa mtoto wa watu.

Walichimba kule ulikosema. Wakapita jiwe la mchanga, wakagonga jiwe la kurasa, na maji yakawa yamekaa pale pale, wanapogombana. Wamefunga pampu ya mkono. Maji ni matamu, hayana chumvi, hayana rangi. Siku ya kufungua watu walipiga vigelegele, wakaishukuru serikali, wakawashukuru wataalamu. Jina lako hakulitaja mtu. Nami nilikuwa na kipaza sauti mkononi, sikulitaja. Utaniuliza kama nayanywa maji yale. Nayanywa. Kiu haina haya.

Mwanaidi peke yake hakupiga kigelegele. Amekonda, lakini hajainama. Kila siku akitoka pampuni anapita kwenye miiba ile, anasema kwa sauti bila kujali nani yuko njiani: "Aliyeandika karatasi ile, Mungu amlaze humo humo." Siku moja nilikuwa nimemsaidia kubeba ndoo. Akasema vile, akanigeukia, akangoja. Nikasema, "Amina."

Anadhani ni bwana maji. Anadhani wewe ulisema vizuri, mimi niliandika vizuri, na kule wilayani bwana maji akaiandika upya karatasi kwa mkono wake, akageuza maneno. Nimemwachia adhani. Wakimsema kwa ukali wake mimi ndiye namtetea, na wananisifu, "Mhando ana moyo na dada yake."

Ila kuna jambo ambalo hukulitegemea, wala mimi. Mkeo anasoma. Kisomo cha watu wazima kimeanza, darasa liko shuleni kila alasiri, na mwalimu ni mimi, maana hakuna mwingine. Alianza kwa kushika chaki kama mtwangio. Wenzake wanasoma kuhusu pamba na choo bora wanasinzia, yeye hasinzii. Wiki hii amesoma ukurasa mzima bila kugusa herufi kwa kidole. Darasa lilipotoka akabaki. Akasema, "Kaka, nakala ya karatasi ile unayo. Nataka niisome mwenyewe, nijue walimfanya nini mume wangu."

Nikamwambia mchwa wameila. Akapangusa chaki mikononi. Akasema, "Itafute."

Sijapata usingizi wa maana tangu hapo, lakini si hilo lililonifanya niamue kumpa. Kilichonifanya niamue ni kwamba jana nilikuwa nasahihisha daftari lake, nikaona herufi yake ya M. Ina kimkia kirefu kinachopinda chini, kama yangu. Zote anaandika kama mimi. Hajaona mwandiko mwingine maishani mwake. Wangu ndio uliomfundisha. Kwa hiyo hakuna haja ya mimi kukiri chochote. Akiipokea tu karatasi ile, kabla hajafika hata kwenye neno "mchanga", atakuwa ameshajua ni mkono wa nani.

Imo sandukuni. Naitoa sasa, naitia mfukoni. Alasiri imekaribia.

Msamaha sikuombi, Mnyamwezi. Ulishanipa mmoja kwa kosa dogo, ukidhani ndilo lote, na nilikaa nao kama wangu. Wewe lala. Mwanaidi hana wa kumlimia tena zaidi yangu, na huenda kuanzia leo hatataka hata jembe langu liguse shamba lake. Nitalima la pembeni yake.

Nakuahidi jambo moja, na hili sitalifupisha: akikwama kwenye neno, sitamsomea. Na akimaliza, sitakimbia.

Mtani wako,
Mhando