Mama Mkwe Anauza Nyumba Ahamie Melini

Mpendwa Bi Mkasi,

Naomba unisaidie, na naomba usinikate sana, maana safu yako naisoma kila Jumapili na makali yako nayajua, lakini jambo hili limenifika shingoni na sina wa kumwambia, mke wangu siwezi, shemeji zangu ndio kabisa, na mhusika mwenyewe ni mama mkwe wangu, ambaye kwa adabu niliyolelewa nayo siwezi hata kumtazama machoni, sembuse kumwambia hapana.

Mimi ni dalali wa nyumba. Mama mkwe ni mkunga mstaafu, na si mkunga wa hivi hivi, ni yule ambaye nusu ya mji huu imepita mikononi mwake, zamani ukitembea naye kutoka hospitali mpaka kituo cha basi hamfiki, kila hatua kuna mtu anamwamkia na kumwonyesha mtoto, "Mama, huyu ndiye yule aliyetanguliza miguu." Alipostaafu, watoto wake walichanga wakamkatia tiketi ya meli ya kitalii, zile kubwa zenye ghorofa na mabwawa ya kuogelea, apumzishe mgongo, na kwa kuwa hajawahi kusafiri peke yake nikateuliwa mimi kumsindikiza, maana mke wangu ni mwalimu na shule zilikuwa hazijafungwa, shemeji zangu wana ofisi, wakaona dalali hana kazi ya kumzuia.

Sasa Bi Mkasi, ndani ya meli kuna kasino. Siku ya kwanza mama alikuwa anapita tu akielekea kula, akasimama kwenye mashine moja yenye picha za matunda, akabonyeza, ikalia na kuwaka taa kama gari la wagonjwa, kumbe ameshinda, wahudumu wakaja kumpigia makofi, na mmoja wao, binti mwenye tai nyekundu, akamshika mkono akamuuliza anaitwa nani, na tangu hapo sikuweza kumtoa humo. Alipewa kadi ya kuchomeka kwenye mashine, kadi inahesabu anavyocheza, pointi zinapanda, na zikipanda anabadilishiwa kadi, ya bluu, ya fedha, mpaka ya dhahabu, na mwenye kadi ya dhahabu hapangi foleni, anakunywa bure, chumba chake kina roshani inayotazama maji, na kila jioni analetewa sahani ya chokoleti. Hata siku yake ya kuzaliwa yule binti alimletea keki yenye mshumaa, wakati huku nyumbani watu walikumbuka siku mbili baadaye. Mimi kama msindikizaji nami nilipata vyangu vichache, kamba wakubwa wa kuchoma, kukandwa shingo, na joho jeupe la kuogea lenye nembo ya meli kifuani, ambalo ndilo nimelivaa hapa nikikuandikia, zito, zuri sana.

Kazi yangu ilikuwa ndogo tu, kumshikia kiti. Akienda kula au msalani mimi nakaa kwenye mashine yake na kubonyeza taratibu asije mtu akaichukua, kwa sababu anaamini mashine ile imeshamzoea na ikiguswa na mgeni itasusa. Ningekataaje? Mkwe hakatai kushika kiti.

Tukarudi, na hata sijamaliza kuwahadithia watu ikaja barua ya safari ya pili, chumba bure kwake na kwa msindikizaji mmoja, pamoja na matembezi ya nchi kavu ya watu wawili kila bandari. Tukaenda. Ikaja ya tatu, tukaenda. Watoto wake wanafurahi, mke wangu anawaambia walimu wenzake kwamba mama yake anaheshimiwa kimataifa. Wasichokijua ni kwamba kiinua mgongo chake chote kimeishia kwenye yale matunda, nami sikusema kwa sababu fedha si zangu, na mdomo wa mkwe ni mfupi.

Kwenye matembezi yenyewe mama hashuki. Tiketi zote ananipa mimi, naenda peke yangu nakalia viti viwili, nimepanda mashua yenye sakafu ya kioo, nimeonyeshwa ngome, nimepigwa picha na kasuku. Bandari moja mvua ilitunyeshea nikarudi mapema, na hapa ujue kwamba meli ikiwa bandarini kasino hufungwa, ndiyo sheria, mashine zinazimwa mpaka meli itoke tena. Nikamkuta mama amekaa peke yake mbele ya mashine iliyozimwa, mkoba mapajani, kilemba chake kizuri kichwani, katikati ya ukumbi mzima wenye giza. Nikamwambia, "Mama, mbona pamefungwa?" Akasema, "Najua, baba. Nawangoja wanangu wa hapa. Wakija wataniamkia." Kumbe amewafundisha kusema shikamoo, wale wahudumu wa kila taifa, wanasema "shikamuu, mama" na kuinama, naye anawaitikia marahaba mmoja mmoja kama yuko wodini. Nikaona ni uzee tu, nikaenda zangu kubadili nguo zilizolowa.

Sasa shida yenyewe. Wiki iliyopita mama aliniita akasema anataka kuuza nyumba yake, ile aliyolelea watoto wote, ahamie melini moja kwa moja, amepiga hesabu zake, kula bure, kulala bure, na akifa watu wa meli watajua wenyewe pa kumzika. Akataka nimtafutie mnunuzi kimyakimya. "Wewe ni dalali," akasema, "tena mkwe. Huna mdomo." Na kwa bahati mbaya mimi kazi yangu naijua, mnunuzi nimempata upesi, anataka kuibomoa ajenge ghala la vipuri vya magari, na Jumatano anakuja kumalizana.

Maswali yangu ni mawili tu. Kwanza, mke wangu nimwambie kabla ya kuuza au baada? Pili, kiadabu, mkwe anaruhusiwa kuchukua udalali wote kwa mama mkwe wake, au achukue nusu?

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Mawazo

*

Mkwe Mwenye Mawazo,

Mawazo unayo, sikatai. Akili ndiyo iliyoshuka bandari ya kwanza, meli ikaondoka bila yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mara ya pili nilitafuta miwani, nihakikishe kwamba kweli mtu mzima ameniuliza kama achukue udalali wote au nusu. Mama wa watu anazama, wewe unauliza bei ya maji.

Tuanze na hiyo heshima yako. Ni heshima ya namna gani inayokufunga mdomo usiseme hapana, halafu ikauacha wazi kwa kamba wa kuchoma? Unasema huwezi kumtazama mama mkwe machoni. Ungeweza, ila macho yako yalikuwa kwenye sahani. Unasema mkwe hakatai kushika kiti. Bwana we, hukushika kiti. Ulikuwa unabonyeza! Mama alipokwenda msalani kujipumzisha, hata mashine ingepumzika, wewe ukahakikisha haipumziki.

Na kwa kuwa umeandika neno "bure" kama mtoto anayeandika jina lake, ngoja nikueleze. Ile kadi haimhesabii ushindi. Inamhesabia anachoweka. Kadiri anavyoweka zaidi ndivyo rangi inavyopanda na chokoleti inavyonona. Hakuna nahodha aliyekaa akasema, "Mkunga huyu ametumikia watu, tumpe roshani." Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Meli ile inaelea kwa akina mama kama huyo mkwe wako, waliokesha wodini miaka na miaka ili wewe upigwe picha na kasuku. Kila safari mliyoambiwa ni ya bure alikuwa ameshailipia katika safari ya nyuma, na ushahidi wa malipo umeuvaa. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu. Chako kina nembo kifuani.

Sasa fikiria na huko kuhamia melini. Kadi ya dhahabu inadumu mchezaji akiwa anacheza. Fedha ya nyumba itachukua muda mrefu kidogo kuisha kuliko kiinua mgongo, lakini itaisha, na siku itakapoisha kadi itarudi bluu, binti wa tai nyekundu atakuwa na mama mwingine wa kumshika mkono, na mkunga wetu atateremshwa na begi lake kwenye bandari ya kwanza iliyo karibu. Hapo ndipo atakaposhuka kwa matembezi ya nchi kavu. Hatakuwa na nyumba ya kurudi, kwa sababu mkwe wake alikuwa hodari wa kazi.

Nimemaliza kukucheka. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kuna sehemu ya barua yako uliyoipita mbio na mimi imenichoma.

Ulimkuta mama mtu mzima amekaa gizani, mbele ya mashine iliyozimwa. Mchezo hakuna, ushindi hakuna. Akakwambia kwa mdomo wake mwenyewe anachongoja. Anangoja kuamkiwa. Mwanamke aliyekuwa hawezi kufika kituo cha basi kwa salamu! Siku moja akakabidhi koti jeupe, na kesho yake njia ikawa kimya. Watoto walimchangia tiketi, vizuri, halafu wakampa dalali amsindikize, na siku yake ya kuzaliwa wakaikumbuka ikiwa imeshapita. Akaenda akanunua salamu baharini. Anazinunua kwa bei mbaya, naam, lakini ukweli niseme, hapa nchi kavu nani alikuwa anampa? Wewe uliyasikia maneno yale kwa masikio yako, ukaona ni uzee, ukaenda kubadili soksi. Nimekasirika, na sitaomba radhi.

Haya, maswali yako. Mke wako utamwambia leo. Usingoje ale, usingoje alale, usianze na hadithi ya hali ya hewa. Mwambie nyumba inataka kuuzwa, mwambie kiinua mgongo kimekwenda, mwambie na wewe ulikuwa wapi kilipokuwa kinakwenda. Atakufokea. Acha akufokee, umeyachuma mwenyewe. Utaniambia mama alikupa siri. Siri ya mtu anayezama haitunzwi, inapigiwa kelele.

Ukishamwambia mke, nenda kwa mama umwambie kwamba umesema. Usimzunguke. Nyumba ni yake, na kichwa bado ni chake. Asije mtoto yeyote akaificha hati au akamfungia mama mlango akadhani anamsaidia. Anaweza kuuza akitaka. Ila atauza akiwa amekaa na wanawe wote mezani, ameelezwa ile kadi inavyohesabu, tena aelezwe na binti yake, si na wewe mla kamba. Na akikubali, mwenyewe awaandikie wale watu wa meli wamwondoe kwenye ofa zao na wamkatalie kucheza. Huwa wanaombwa, na akiomba mwenyewe hatakuwa amedhalilishwa. Mnunuzi mwambie Jumatano asije. Ghala la vipuri atajenga kwingine, wewe si ndiye unayejua viwanja?

Udalali: hakuna wote, hakuna nusu. Ukiniuliza robo nitaitafuta anwani yako.

Lakini kukataza tu hakutoshi, maana ukimtoa mama kwenye mashine halafu ukamrudisha kwenye ukimya, atarudi baharini hata kwa kuogelea. Kwa hiyo nakupa kazi unayoiweza. Wewe maisha yako yote ni kugonga milango ya watu. Mji huu, umesema mwenyewe, nusu yake imepita mikononi mwa huyo mama. Basi gonga. Safari hii huuzi wala hupangishi. Mtafute yule aliyetanguliza miguu, sasa hivi atakuwa na ndevu. Watafute mapacha, watafute waliozaliwa njiani, waambie mkunga wao yuko nyumbani na baraza yake iko wazi. Zahanati ya mtaani nayo ina wasichana wajawazito wanaoogopa usiku na mchana, na hawana wa kuwashika mkono. Yeye mikono anayo.

Ila kabla ya kumpeleka mtu yeyote, nenda wewe. Vua hilo joho, vaa nguo zako. Usibebe karatasi, usiende na mteja, usiulize kama kuna chakula. Simama mlangoni, sema shikamoo, na usiongeze neno mpaka aitikie. Wale wa melini wanalipwa kumwamkia. Wewe mwamkie bure.

Bi Mkasi