Sindano Kumi na Mbili na Picha ya Harusi

Mshauri mpendwa, Jumamosi iliyopita nilipoteza nafasi yangu kwenye picha ya harusi ya mdogo wangu wa mwisho, naomba msaada kabla sijampoteza na mdogo mwenyewe. Mimi ni fundi nguo, nilianza na cherehani ya kuazima na leo ninazo sita, kwa hiyo sindano hazinitishi, na niliposikia kuna sindano ndogondogo za kuchomwa usoni kupunguza mashimo ya chunusi nikaenda Jumatano ile, nikapiga hesabu: sindano yangu moja inamaliza gauni kwa siku, na gauni la mdogo wangu, bibi harusi, nimelishona mimi, sasa hizi ni kumi na mbili kwa mpigo na uso wangu hauzidi mifuko miwili ya shati, si siku tatu zinatosha na kubaki? Mtaalamu akataja awamu nne za kuchomwa, kwa miezi kadhaa, nikaona ni maneno ya kuvuta pesa. Jumamosi uso umevimba, unabambuka, mjomba ananipokea mlangoni, "Mama Vipimo, umegombana na nyuki?" Nikajificha nyuma ya mjomba huyohuyo, maana ni mpana, picha ikapigwa. Sasa mdogo wangu hapokei simu, kaniachia ujumbe tu: "Dada, Jumapili tunarudia picha studio. Usipokuja, sina dada." Na mashimo yako palepale! Nichomwe tena haraka, au nikadai haki yangu kwa mtaalamu?

*

Mama Vipimo, pole, ingawa nimecheka hadi chai ikanimwagikia. Sasa lete sikio nilivute. Kitambaa ukikitoboa kinatulia. Ngozi ukiitoboa inaanza kujishona yenyewe, taratibu, na hiyo ndiyo kazi uliyoifuata. Wewe mteja akikusimamia kichwani unamfukuza, mbona ngozi yako unaisimamia? Haki ya kudai huna, uliambiwa. Kati ya awamu na awamu ni wiki nne au zaidi, mabadiliko huonekana baada ya miezi, na makovu hupungua, hayafutiki. Ukichomwa tena sasa unatafuta madoa meusi. Acha maganda yadondoke yenyewe, jikinge na jua, na ukiona usaha rudi kwa mtaalamu upesi.

Na mdogo wako, je, kauliza habari ya mashimo? Ameyaona tangu anatambaa. Anachotaka ni aliyemshonea gauni aonekane. Mpigie leo, asipopokea, nenda ukagonge mlango wake. Kisha nataka jibu, sitaki hesabu: Jumapili utasimama mstari wa mbele, ndiyo au hapana? Niandikie kabla ya Ijumaa saa sita mchana.