Robo ya Ukumbi

Jumapili, 22 Juni 2025

Baridi asubuhi. Koti nililopewa kazini Isaka bado linafaa, mikono tu imekuwa mifupi — au mimi nimerefuka uzeeni.

Mama Ritha kaleta orodha ya picha za Julai. Kila mwisho wa mwezi ndivyo tunavyofanya. Yeye ndiye mwenye banda la video, mimi mpangaji wake wa chumba cha nyuma, na neno langu humsaidia kujua ipi aipe Jumamosi na ipi aitupe Jumanne. Nimeandika hivi. Ya Kihindi, ndugu wawili waliopotezana: itajaa, watu watasimama hadi mlangoni. Ya Kikorea, vita vya zamani: nusu. Ndefu mno, na mfasiri aliyeitia Kiswahili anaeleza hata mvua. Ya Kimarekani, ya roboti: itaanguka. Vijana hapa wanashinda wakipakua vyuma kwenye malori, jioni hawataki kuviona tena. Ya Kichina, bwana mmoja anapiga watu hamsini kwenye ngazi — hiyo iwekwe Sabasaba. Itavunja mabenchi.

Tangu mwaka juzi nimetabiri picha sitini na nne. Nimekosea tisa. Wapakiaji wa mchele wananiita Mzee wa Utabiri. Siri yenyewe ni ndogo: siangalii picha, naangalia wanaoangalia. Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo pale bandari kavu ya Isaka, na kabla ya hapo nilikuwa mkimbizi. Kazi zote mbili humfundisha mtu kusimama pembeni.

Jumanne, 24 Juni

Hapa Kagongwa kuna mambo! Nyamizi, yule fundi cherehani wa karibu na mashine za mpunga, ametengeneza picha. Miaka miwili alikuwa akiifanya kimya kimya, kwa simu mbili na kamera ya kukodi ya harusi. Wachezaji ni wanawake wenzake wanaopepeta mchele pale mashineni. Nusu Kiswahili, nusu Kisukuma.

Alikuja kumwomba Mama Ritha siku ya Sabasaba. Siku moja tu, jioni. Kuna mnunuzi wa filamu kutoka Mwanza, bwana Eustace, atapita hapa siku hiyo akielekea Geita. Akiikuta picha imevuta watu, ataichukua na kuizungusha katika mabanda yote ya machimboni. Asipoona watu, basi. Hapiti njia moja mara mbili.

Mama Ritha hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, Mzee Marcel apime kwanza. Nyamizi akanigeukia akapiga goti kidogo, kwa adabu ya kwao. Sikupenda. Sipimi vizuri nikipigiwa goti.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeitazama. Asubuhi, banda tupu, mimi na kuku wa Mama Ritha. Dakika themanini na moja.

Mwanamke anatoka Kishapu, anakwenda Geita kuponda mawe ya dhahabu ya watu. Hapigwi mtu. Hafi mtu. Kuna mahali anapepeta vumbi kwa dakika nne nzima, hasemi neno. Kisha anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, anakuta njia ya kuingilia uani kwao imelimwa, pamba imesimama mpaka ukutani. Anasimama. Hajui aingilie upande gani.

Nililia.

Mwaka 2006 nilirudi Burundi mara moja tu, siku tatu. Pale palipokuwa na mlango wa baba yangu wageni wamepanda migomba. Walikuwa watu wema, walinipa kiti. Nilizunguka nikaingilia nyuma, kama mwizi wa kuku. Sijawahi kumweleza mtu. Na Nyamizi, binti ambaye hajavuka hata mto Malagarasi, amejuaje?

Lakini hiyo si hesabu. Chozi la mzee mmoja si benchi.

Ijumaa, 27 Juni

Nimepima. Nilichukua kipande cha dakika kumi, kwenye simu, mpaka kibanda cha chai cha Bujiku, saa nne asubuhi kama kawaida yangu. Wanaume saba. Wawili walicheka pasipochekesha. Mmoja aliuliza bastola inatoka dakika ya ngapi. Mmoja, mpakiaji mrefu kutoka Tarime, alisema kwa upole kwamba vumbi la kupepetwa analiona bure kila siku. Watatu walirudi kwenye chai.

Banda lina mabenchi kumi na mawili, watu sita sita. Nimeandika: robo ya ukumbi. Watu kumi na wanane.

Na mimi ningekuwa wa kumi na tisa — lakini nimejitoa. Machozi yangu nimeyaondoa kwenye hesabu, kama karani anavyoondoa uzito wa gunia tupu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimemwambia Mama Ritha. Akavuta pumzi, akasema alikuwa akiomba niseme hata nusu. Sabasaba ameipa ile ya Kichina. Nyamizi atapewa Jumanne ya kesho yake, tarehe nane. Tarehe nane Eustace atakuwa Geita.

Sabasaba ndipo banda linapopata chakula cha mwezi. Ana haki.

Sikula vizuri.

Jumatatu, 30 Juni

Nyamizi alikuja wakati nikianua nguo. Akaamkia, nikaitikia. Akachukua ncha ya pili ya shuka tukaikunja pamoja, kana kwamba hakuna lililotokea. Ndipo akauliza, taratibu, nilipima vipi. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza vipi.

Nikamweleza. Kibanda cha Bujiku, saa nne, watu saba.

Akaiweka shuka begani. Kisha: "Babu, wewe ulikuwa Isaka. Gunia la mchele ulikuwa unalichoma bambo wapi?"

Nikasema, ule mrija wa kuchotea sampuli huchomwa ubavuni, mpaka katikati. Kila mtu anajua. Mdomoni mwa gunia muuzaji huweka mchele wa kupendeza; bambo likiishia hapo, linatoka na uongo.

"Sasa mimi ulinichoma mdomoni. Saa nne wanawake wote tuko mashineni tunapepeta. Nani kati yetu umemwona akinywa chai kwa Bujiku?"

Mwaka mzima sijamwona hata mmoja! Nikakumbuka banda. Nikamwambia hawaji bandani pia. Akasema hawaji kwa sababu hakuna kilichowahi kuwaita, na mabenchi yananuka soksi. Alicheka. Mimi sikuweza.

Picha sitini na nne. Nilidhani napima mji. Nilikuwa napima benchi la Bujiku.

Jumanne, 1 Julai

Nimekwenda kuifuta ile robo. Mama Ritha alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, basi baba, ukifuta robo unaandika nini? Nikasema sijui. Akasema kwa "sijui" hawezi kununua dizeli ya jenereta.

Kibaya zaidi, neno limeshatoka. Deusdedit, mtangazaji wa spika ya baiskeli, anazunguka mitaani na bwana wa Kichina na ngazi zake, na kila anaposimama watu wanamuuliza ya Nyamizi, naye anawajibu kwamba Mzee wa Utabiri kaipa robo. Halipwi kwa hilo. Analisema kwa utamu wake tu. Nilimkuta karibu na stendi, nikamwomba aache, na kama anaweza, aseme mzee amekosea.

"Mzee, mimi natangaza picha. Nikianza kutangaza makosa, baiskeli itachoka."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akauliza kwa sauti kama mzee sasa amepewa dawa ya mvuto na yule fundi. Nikaenda zangu.

Utabiri ukishasikika si utabiri tena. Anayesikia robo hataki kuwa mmoja wa wale kumi na wanane. Hili nililijua kwa akili. Sikuwa nimeliona likitembea na baiskeli.

Alhamisi, 3 Julai

Nyamizi hataki tena banda.

Baba yake alikuwa mcheza ngoma, upande wa Bagalu. Ameniambia jambo ambalo nimeishi nalo miaka hamsini nisilitie akilini. Kila mwaka baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hushindana. Hawapokezani. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watu wanaamua kwa miguu yao. Wakihamia kule, umeshindwa. Hakuna mwamuzi.

Basi na yeye atafanya hivyo. Amepewa ruhusa na mwenyekiti wa mtaa kutumia ukuta wa ghala la pamba, kwenye uwanja unaotazamana na banda la Mama Ritha. Siku ile ile ya Sabasaba, saa moja jioni, wakati ule ule wa ile ya Kichina. Ameshona shuka nane nyeupe kuwa moja. Nilikwenda kuziona: mshono haushikwi na jicho.

Nilidhani Mama Ritha atakasirika. Alitafuna mua, akatikisa kichwa, akasema yule mtoto ni wa baba yake kweli. Kisha akaniuliza kwa chini kama ukuta ule una umeme karibu.

Kikwazo ni saa moja. Saa moja mwanamke yuko jikoni. Kuanza mapema hakuwezekani, jua halijazama. Nyamizi amepita kwa wenzake, nyumba kwa nyumba, akiwasihi wapike mapema siku hiyo. Wamemjibu "tutaona". Nimehesabu mizigo maisha yangu yote. "Tutaona" sijui naiweka safu gani.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani, baada ya misa, wanne wameniuliza. Itakuwaje kesho, mzee? Nikasema sijui. Mmoja alidhani naficha.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Saa kumi alasiri. Nimekaa mlangoni. Moshi wa majiko umeanza kupanda, upande wa mashine za mpunga. Siku nyingine huanza saa kumi na mbili. Inaweza kuwa ni sikukuu tu, watu wana nyama. Naandika nilichokiona, siandiki maana yake.

Saa kumi na mbili na nusu. Uwanjani. Shuka imetundikwa ukutani, upepo unaijaza kidogo kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nyamizi anakagua nyaya. Chini ametandika maturubai ya kuanikia mpunga. Yako matupu, isipokuwa vikongwe watatu na mbuzi mmoja. Kwa Mama Ritha mlango tayari una foleni. Deusdedit anapiga kelele za ngazi na ngumi. Ile robo haisemi tena. Haina haja.

Saa moja kasorobo. Eustace amefika, gari dogo jeupe, vumbi mpaka kwenye kioo. Mtu mnene, mpole, amechoka. Mtu akamwonyesha nilipo. Akaja akaniamkia vizuri. Akasema ana nusu saa, halafu barabara. Na kwamba hata Mwanza wamemwambia kuna mzee hapa anajua ipi itaanguka na ipi itasimama. Hataki kupoteza muda kuhesabu vichwa.

"Niambie tu mzee. Nisimame upande gani?"

Nyamizi alikuwa hatua tano. Alisikia. Mkono wake ulisimama kwenye waya, lakini hakugeuka kunitazama. Namshukuru kwa hilo.

Ningeweza kusema huku. Angeniamini. Na kesho ningekuwa mtu aliyepima kwa bambo la uongo mara mbili, mara moja kumwangusha, mara moja kumwinua. Ningeweza kusema sijui, na angeifuata foleni.

Nilimwambia, "Sijui watakuja wangapi, mwanangu. Najua mimi nakaa wapi."

Nikavuka uwanja. Mbele ya watu wote wa foleni, na wale wa kwa Bujiku walikuwemo, nikasikia jina langu likipita. Nilivua viatu. Goti la kulia lilikataa, kikongwe mmoja akanishika kiwiko, akaniamkia kwa Kisukuma, mwadila, nikaitikia mwadila. Nimekaa chini, turubai la mbele kabisa. Sijawahi kukaa mbele. Kutoka hapa huoni watu. Unaona picha tu.

Saa moja na dakika sita. Imeanza. Naandika kwa mwanga wake. Mwanamke amefunga mzigo, anatoka Kishapu, mama yake anafagia nyayo zake kwa sababu ndiyo kazi ya asubuhi, hana habari kwamba anazifuta. Hili asubuhi ile sikuliona.

Ng'ambo wanapiga makofi, ngumi za kwanza zimeanza. Eustace sijui amesimama wapi. Nyuma yangu kuna vishindo vya miguu, vingi, na sauti za wanawake zikiitana kwa Kisukuma, na mtoto anayelia. Siwezi kutambua kama wanakuja kukaa au wanapita kwenda zao. Mkono wangu unataka kuhesabu. Shingo inataka kugeuka.

Sijageuka. Mwanamke ameshafika Geita, ameinua nyundo —