Aliyemzaa Patrisi Ni Mimi

Silvanus mjukuu wangu,

Huku Endabash mahindi yamefika magotini. Mimi nakula, ila sisikii ladha. Dada yako Germana ndiye anayeniandikia haya.

Ulirudisha trekta nyuma bila kutazama, ukamuua baba yako mdogo Patrisi. Ni kweli, sikufichi. Lakini umeungama, na Mungu akishasamehe harudi kufukua. Juzi shangazi yako alifoka kanisani, "Muuaji huyo asikanyage kwetu!" Nikamwambia, "Patrisi ulimzaa wewe? Nyamaza. Mimi niliyemzaa nimeshasamehe." Akalia. Mimi machozi hayakuja.

Acha kujificha huko Karatu mjini kama fisi. Njoo nyumbani tupalilie, jembe la Patrisi halina wa kulishika.

Nakungoja jikoni,
Bibi yako